Maghala Matupu ya Mwanatumu

Hapo zamani, zamani ya jana na juzi, Siyu palikuwa na mshonaji jina lake Mwanatumu. Alishona kofia za viua, zile za vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, na mabwana harusi walimsubiri miezi. Lakini ukoo wao ulikuwa na jambo lake: macho huzeeka kabla ya uso. Mamake alipofuka angali kijana. Mwanatumu naye, hata mvi hajaota, ukungu ukaanza kumshukia. Tundu la sindano akawa analipapasa.

Siku moja viungo vikamuuma, akaenda hospitali. Daktari Shee, mtu mwema mwenye haraka, akampima damu, akaruka kitini.

"Mama, ferritini imepita kiasi! Una chuma mwilini cha kufulia jembe. Dawa ni kukutoa damu."

Akamtoa. Akapima: ferritini iko pale pale. Akamtoa tena. Ferritini haikushuka, aliyeshuka ni Mwanatumu. Midomo ikampauka, akaanguka jikoni sufuria mkononi.

"Daktari, nakufa."

"Vumilia, mama. Chuma bado kingi."

Hata hivyo Shee akaingiwa na shaka, akapeleka damu ile kwa mtafiti wa seli, Daktari Kamene. Huyo alipokwisha kuichunguza, akafunga safari hadi Siyu.

"Dadangu, ferritini si chuma. Ni ghala la kuwekea chuma. Daktari amehesabu maghala, hakufungua mlango. Yako ni mengi, na ni matupu."

"Kayajenga nani?"

"Seli zako. Ndani yake mna ujumbe, tunauita RNA, unaoamuru: jenga ghala. Chuma kikipungua, mlinzi mmoja, ni protini, huukalia ujumbe huo usisomwe. Mlinzi huyo huyo huukalia ujumbe mwingine, ule wa kuingiza chuma, usije ukavunjwavunjwa. Wa ghala anaunyamazisha, wa kuingiza anauhifadhi. Kwako wewe, herufi moja ya ujumbe wa ghala imekosewa tangu kuzaliwa, na mlinzi hapati pa kukaa. Basi ujumbe unasomwa tu, na maghala yamerundikana hadi kwenye lenzi za macho. Huo ndio ukungu wenu."

Mwanatumu akamfikiria mamake.

"Basi mtengenezee mlinzi wangu pa kukaa."

"Siwezi."

"Umekuja mwendo wote huu kuniambia huwezi?"

"Nimekuja kukuambia usitolewe damu tena."

Wakaacha kumtoa damu, akapewa vidonge vya chuma, yeye yule wa chuma cha jembe! Nguvu zikarudi. Ukungu ukabaki.

Ndipo akaenda kwa Daktari Mbarak, mpasuaji wa macho. Akaanza kumsimulia habari za mlinzi na ujumbe, Mbarak akamkata: "Bibi, lala chali. Mimi hutoa ukungu. Chanzo chake siulizi."

Akatoa lenzi zilizochafuka, akatia za plastiki. Bandeji zilipofunguliwa, Mwanatumu akamwona bintiye Zena, akafurahi. Kisha akaona Zena anavyokunja macho mbele ya mwanga, na furaha ikapata mwenzake, hofu.

Akashona kofia moja, bora kuliko zote, akatangaza: "Hii ni ya aliyeniokoa." Madaktari wote watatu wakafika barazani kwake, kila mmoja na kichwa chake.

Shee akasema, "Ni yangu. Nisingemtoa damu, nani angejua maghala ni matupu? Kosa langu ndilo lililowafungulia njia."

Kamene akasema, "Ni yangu, ingawa mwanamke mimi kofia sivai. Ningekaa kimya, leo mngekuwa mnamsomea hitima. Na Zena nimempima: ana herufi ile ile. Yeye hatakamuliwa damu na mtu."

Mbarak akacheka. "Hitima, herufi! Kofia hii imeshonwa kwa macho ya nani? Na Zena akipofuka, mtampeleka kwa mlinzi au kwangu?"

Mwanatumu akawatazama mmoja mmoja, maana sasa aliweza. Wa kwanza alikaribia kumuua, na shaka yake ndiyo iliyomponya. Wa pili alimjua hadi herufi, asiweze kuirekebisha. Wa tatu alimpa macho, na hata leo hajui alikuwa anaumwa nini. Kofia ni moja, na Zena amesimama mlangoni, anasubiri kuona mamake atamwamini nani.

Haya, nyinyi mliokaa mkasikiliza: kofia ile mngemvika nani?