Maji ya Hodhi la Wakwe

Hapo zamani, wajukuu zangu, na wala si zamani sana, Mwanakombo wa Pangani aliolewa na Mjapani mmoja, jina lake Takeo. Wakaenda kujitambulisha kwa wakwe, kijijini huko Japani, theluji imefika magotini.

Sasa sikilizeni mambo ya huko. Huko mtu hajisugui ndani ya hodhi la kuogea. Anaoga kwanza pembeni, amekaa kwenye kigoda, anajisugua, anajisuuza mpaka povu liishe. Ndipo aingie kwenye maji ya moto, akae tu, mwili ulegee. Akitoka, anaingia mwingine. Maji ni yale yale, nyumba nzima. Na mgeni ndiye wa kwanza.

Siku ile mama mkwe, Bi Fumi, alichochea kuni tangu alasiri. Akamwambia Mwanakombo, "Tangulia, mwanangu."

Mwanakombo akatangulia. Akaingia na sabuni yake humo humo, maji yakawa meupe kama tui. Alipomaliza akayatazama, akasema moyoni, "Nimwachie mkwe uchafu wangu? Sikulelewa hivyo." Akavuta kizibo. Maji yakaenda yote.

Bi Fumi alikuwa upande wa pili wa ukuta, akayasikia yanavyokwenda. Mwanakombo alipotoka, akamwuliza:

"Yalikuwa ya moto vya kutosha?"

"Sana, mama. Na hodhi nimekusafishia."

"Ahsante, umejisumbua." Akatabasamu. Kisha akamwendea mumewe, Mzee Isamu, ambaye mgongo wake haulali bila maji ya moto. "Leo kuni zimelowa," akamwambia. "Nenda ukaoge kwa jirani."

Mzee akachukua taulo, akatoka. Hakufika. Aliteleza kwenye barafu, nyonga ikavunjika. Wanaume wa nyumba saba wakaacha chakula chao, wakambeba mpaka kwenye gari.

Na kijijini kwao, ukiwasumbua majirani, asubuhi yake mtu mmoja wa nyumba yenu hubeba vijisanduku vya vitamutamu, akapita mlango kwa mlango, akainama, akasema, "Kosa ni langu." Mmoja tu. Na uso ule kijiji hakiusahau.

Usiku ule Takeo akamweleza mkewe desturi ya hodhi. Asubuhi vijisanduku saba viko mezani. Mwanakombo akavishika, macho yamevimba. "Nitakwenda mimi. Nimekuja kuonwa, nimemvunja mzee wa watu. Pangani wakisikia, mama yangu atajificha wapi?"

Bi Fumi akavivuta. "Acha. Kuchemsha maji mengine nisingeshindwa. Niliona haya kukuambia umekosea, nikamdanganya mume wangu. Miaka arobaini hajawahi kunishuku."

Takeo alikuwa ameinamia mkeka, hamtazami mtu. "Nipeni mimi. Najua tunavyooga kwetu, najua wanavyooga kwao. Safari nzima nilitaka kumweleza mke wangu, nikaona atadhani namwita mchafu. Nikanyamaza."

"Wewe hukuvuta kizibo," akasema Mwanakombo.

"Na wewe hukujua."

"Akienda bibi harusi," akasema Bi Fumi, "watasema nimembebesha uongo wangu. Akienda mwanangu, watasema nimejificha nyuma ya mtoto."

Nje majirani wameshaanza kuzoa theluji milangoni. Ndani, mikono sita juu ya vijisanduku, na hakuna anayeachia.

Haya, niambieni ninyi mliokaa kimya. Mmoja alivuta kizibo, mmoja alidanganya, mmoja alijua akanyamaza. Je, nani alistahili kutoka na vijisanduku vile, akainame kwenye milango saba?