Mpunga Usio na Mwenyewe

Mafuriko yalipolisomba shamba la Bi Somoe, serikali ilileta fedha za maafa kwa wakulima. Yeye hakuambulia hata senti. Alipoomba kuiona orodha ya waliolipwa, Mwenyekiti Mtulia alimcheka.

"Majina ni siri ya ofisi, bibi. Nenda kanywe uji."

Bi Somoe alingoja mpaka siku mkaguzi wa wilaya alipofika na mkoba wake, ndipo akaingia ofisini na kupiga goti kwa adabu.

"Mwenyekiti, mwanangu, leo sikuja kwa habari ya orodha. Kule mwinukoni kuna ekari kumi za mpunga ulioiva, ndege wanaumaliza. Watu wanasema hauna mwenyewe. Naomba niuvune."

"Hauna mwenyewe?" Mtulia aliruka kitini. "Ule wangu! Kijiji kizima kinajua!"

Mkaguzi alifungua mkoba, akapitisha kidole kwenye karatasi.

"Mbona hapa umelipwa kwa ekari kumi za mwinukoni, mpunga wote umesombwa na maji? Huo ulioiva ni wa nani?"

Mtulia aliketi tena. "Nimeteleza ulimi, mheshimiwa. Si wangu."

"Ahsante, mwanangu," alisema Bi Somoe, akapiga makofi mara moja. Nje ya dirisha wakainuka wanawake thelathini, visu vya kuvunia mikononi na vikapu vichwani.

Akamgeukia mkaguzi. "Nawe, baba, tubandikie hiyo orodha mlangoni, tuyajue na mashamba mengine yasiyo na mwenyewe."