Subiri Igande

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa kijiti, pakawa kidonda, pakawa na mwenye njaa. Sikilizeni.

Palikuwa na Bi Sange, mnyama mdogo wa kuenea kiganjani, pua ndefu, miguu myepesi. Asubuhi moja alimkuta Kidoti, mtoto wa paa, amelala kichakani. Kijiti chenye ncha kilikuwa kimemchoma pajani, damu inamtoka: to, to, to. Mama yake alikuwa malishoni, ng'ambo ya korongo.

Bi Sange alikwisha kuzika watoto wawili. Hakuweza kupita. Akajilaza juu ya jeraha, akalikandamiza kwa tumbo lake.

Mara Fisi huyo, anafuata harufu: fu, fu, fu. Akamwambia Bi Sange aondoke, yeye apate kula.

Moyo ulimdunda Bi Sange, lakini akajibu kwa adabu kwamba akimrarua mtoto sasa, damu yote itanywewa na mchanga. "Subiri igande, Bwana Fisi. Utaikata vipande kama maini."

Mate yakamtoka Fisi. Akaambiwa akae mbali, maana hofu huupigisha moyo mbio, na damu ikienda mbio haigandi. Akasogea nyuma.

Kidoti akauliza kama anakufa.

"Hufi, mwanangu," Bi Sange alimnong'oneza. "Ndani ya damu yako wamo wafanyakazi wengi. Chembe sahani zinashikana mikono, zinaziba mlango. Chembe nyeupe zinapigana na uchafu wa kile kijiti. Nyekundu zinabeba pumzi. Zimepungua kidogo, ndiyo maana unahema. Na zote zinasafiri ndani ya maji ya damu. Wewe kazi yako kutulia."

Kidoti akatulia. To, to. Fisi akaita, "Tayari?"

"Bado laini. Subiri. Sogea kidogo."

Fisi akasogea. To... to. "Tayari?"

"Bado laini. Subiri. Sogea kidogo."

Fisi akasogea. Kisha kimya. Bi Sange akachungulia: jeraha limefunikwa na utando mweusi, mwembamba.

"Tayari?"

"Tayari," akasema Bi Sange, na hapo hakusema uongo. Akamgusa Kidoti kwa pua. Kidoti akainuka, akayumba, akachomoka puruu katika tundu la miiba asilopita fisi, Bi Sange nyuma yake.

Ng'ambo ya korongo mama alimlamba mwanawe masikio, akamlamba shingo, akamlamba macho. Jeraha hakuligusa, Bi Sange alimkataza. Fisi alibaki analamba mchanga mwekundu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni. Na funzo lake, wanangu, ni kwamba mvumilivu hula mbivu. Kamuulizeni Fisi.