Mashina Kumi na Saba

Huko milimani kwenye chai, wapendwa, alikuwepo mkunga mmoja aliyebakiza miaka minne astaafu. Mumewe alishatangulia, na alikuwa na binti mmoja tu, aliyeolewa mbali. Mama huyu aliogopa kitu kimoja: kufika uzeeni akawa wa kumwomba binti yake hela ya sabuni. Kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa, kila mshahara ukitoka, alinunua hisa kidogo kidogo. Za saruji, za benki, za sukari. Wenzake wakibadilisha vitenge kila sikukuu, yeye ananunua uzee wake.

Mwaka mmoja soko la hisa likaporomoka. Saruji bado inapakiwa kwenye malori, sukari bado inauzwa madukani, lakini bei ya hisa ilishuka mpaka ikabaki nusu. Mama wa watu akawa anaamka na simu, analala na simu. Mnacheka? Mbona wengine simu zenu mmeziangalia humu humu ibadani, nikiwaona?

Wiki ya tatu uvumilivu ukamwishia. "Bora niokoe hiki kilichobaki," akajisemea. Hakumwuliza mtu. Aliona aibu, yeye mkunga mzima, kuonekana hajui. Akajaza fomu ya kuuza hisa zote, akatia saini, akaiweka kwenye mkoba ili Ijumaa aipeleke mjini kwa dalali.

Sasa mama huyu alikuwa na kishamba cha chai nyumbani, na wiki hiyo hiyo chai yake ilikuwa imepogolewa. Mnaoijua chai mnajua: kila baada ya miaka michache, msimu wa baridi, shamba zima linakatwa kwa panga mpaka usawa wa magoti. Halibaki jani. Mgeni akipita atadhani moto umepita hapo.

Na mgeni alikuwepo. Mkwe wake, mume wa binti yake, alikuja kumsalimu. Huyu ni mtu wa tambarare, wa kwenye pamba, na kwao pamba ikishavunwa, vijiti vinavyobaki vinang'olewa na kuchomwa moto. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Akalitazama lile shamba, roho ikamwuma. Maskini mama, chai yake yote imekufa! Lakini angemwulizaje? Mtu na mama mkwe wake hawapigi soga. Akachukua sururu.

Alhamisi mchana mama alirudi kazini akakuta mashina kumi na saba yamelala, mizizi juu, yamerundikwa tayari kwa kuchomwa. Siku hiyo heshima ya ukwe aliisahau.

"Baba, umefanya nini?"

"Nakusafishia shamba, mama. Nimeona chai imekufa, nikasema upande hata maharage, usije ukalala njaa."

"Nani kakwambia imekufa? Imekatwa tu! Mizizi iko chini inafanya kazi! Kwa nini hukuuliza?"

Mkwe akainamisha kichwa. "Niliona vijiti vitupu, mama. Nikaona aibu kuuliza."

Mkoba ulikuwa bado begani mwa mama. Akautazama, akaufungua, akatoa ile fomu na kuiweka juu ya mashina.

"Choma na hii," akasema.

Ijumaa alikwenda mjini vilevile, ila safari hii alikwenda kuuliza. Akaelezwa kampuni moja baada ya nyingine: hii bado inazalisha, hii bado inawalipa wenye hisa gawio la faida. Hisa zake akaziacha mahali pake.

Baada ya miezi miwili akamwita mkwe wake aje aone. Wakasimama shambani asubuhi. Kwenye magome yale makavu, magumu, palikuwa pametokeza vichipukizi vyekundu, vidogo kama punje za mchele, maelfu kwa maelfu, mpaka mwisho wa shamba. Mkwe akavua kofia.

"Mama, ni nani kaviamsha?"

Mwanamke yule alikuwa amepokea watoto miaka thelathini, na kila mmoja alipolia kwa mara ya kwanza, mwili ulimsisimka. Ulimsisimka tena.

"Sijui, baba. Mimi kazi yangu ilikuwa kutong'oa."

Je, sisi? Sisemi kila kilichokatwa kitachipua. Shina lililooza, ling'oe. Lakini ufukue kwanza udongo, uutazame mzizi, umwulize anayejua. Maana Mungu ana kazi anazozifanya chini, gizani, wakati sisi tumekodolea macho vijiti, na mimi kila nikifikiri hilo naogopa, naogopa ile hofu ya kuvua viatu mahali patakatifu.

Pale yalipokuwa yale mashina kumi na saba pako wazi mpaka leo. Panga halikuyaua. Aliyeyaua ni mtu mwema, mwenye huruma, aliyeona aibu kuuliza. Basi niambieni, ndugu zangu: ni nani kati yetu amekuja hapa asubuhi hii na sururu begani?