Kwa Nini Ziko Sayari Zisizo na Jua

Usiku wa manane Mwanamize alisikia kitu kikikwaruza nje ya vumbi lake, taratibu, kama jiwe la kusagia linaloburutwa sakafuni. Enzi hizo sauti ilisafiri mbinguni, maana anga halikuwa tupu kama lilivyo leo. Kila nyota changa ilikaa ndani ya wingu la vumbi na moshi lililoizunguka duara, na humo ndimo ilimozalia. Mwanamize alikuwa nyota, jua la watu wengine, mbali sana na jua letu hili, na alikuwa bado yumo ndani ya arobaini yake.

Watoto wa nyota hawakuzaliwa wazima. Chembe ya vumbi iligandana na chembe, ikawa punje, punje ikawa kokoto, kokoto likawa mwamba, na mwamba ukianza kuvuta wenzake ndipo mama alipoupa jina, ukawa sayari. Mwanamize alikuwa nao watatu. Makame, kifungua mimba, alihamishiwa ng'ambo ya barafu, pembezoni mwa vumbi, mbali na joto, kama mtoto aliyeachishwa ziwa anavyopelekwa kwa bibi yake, na huko akala barafu na moshi mpaka akawa jitu. Pandu, wa kati, alikaa karibu na mama, mdogo, mgumu, mwepesi wa hasira. Na kati ya hao wawili alizunguka Chiku, kitinda mimba, ambaye hakuwa na makuu ila mdomo. Alipiga soga hata na kokoto lililompita.

Mila ilikuwa moja tu: aliyeachishwa harudi mekoni kwa mama kabla arobaini haijaisha na vumbi halijafagiliwa. Bi Hidaya, nyota mzee mwekundu aliyekuwa mkunga wao, hakuchoka kulisema hilo. "Vumbi lina mkono, mwanangu. Mtoto mzito akianza kushuka ndani yake halimwachi, litamburuta mpaka mwisho, na atakayeumia ni aliye njiani."

Sasa alikuwa Makame huko nje, anakwaruza, anaomba.

"Mama, baridi."

"Ngoja nifagie, baba. Bado kidogo."

"Wenzangu umewalaza karibu. Mimi umenitupa."

Mwanamize akaogopa. Aliogopa kwamba akimkatalia atamfia kwa baridi, akaogopa kumkubalia, akaogopa hata kumwita mkunga, kwa sababu jibu la mkunga alilijua, na mama anayelijua jibu haulizi. Basi akasema, "Njoo, ila kidogo tu, upate joto, halafu urudi."

Makame akashuka. Mwanzo alishuka kwa hiari yake, anacheka, kisha vumbi likamshika kiunoni, na kicheko kikakatika.

"Mama, siwezi kusimama."

Chiku alikuwa wa kwanza njiani. "Kaka huyo, kanenepa huyo, kaka umekula nini huko," akawa anasema, na hata hakuguswa. Uzito wa Makame ulipompita tu ulimng'oa kwenye njia yake, ukamrusha nje kama jiwe la kombeo, naye akaenda, bado anasema, sauti inakuwa nyembamba.

Pandu akamwona kaka yake anakuja. "Hii njia yangu."

"Nipishe, Pandu."

"Nikupishe niende wapi?"

Ukawaka mwanga mmoja mkubwa. Ulipozimika hakukuwa na Pandu, wala kokoto lake.

Hapo Mwanamize akapuliza kwa pumzi yake yote, akafagia vumbi lote nje, ndani ya arobaini, akiwa bado na maumivu yake, ili mkono ule umwachie mwanawe. Ukamwachia. Lakini Makame alikuwa amekwisha fika kwenye upindo wa kanga yake. Na vumbi lilipokwenda lilikwenda na sauti, maana ndilo lililoibeba. Chiku, huko alikokuwa, sauti yake ilikatika katikati ya neno.

Joto alilolililia Makame likamgeukia. Uso ukaelekea kwa mama usigeuke tena, mgongo ukabaki gizani, na moshi aliojivika ng'ambo ya barafu ukaanza kupeperushwa, leo kidogo, kesho kidogo, hata mfupa ukakaribia kuonekana. Mama yake alimtazama akichunika, na hakuwa na pa kumsogeza.

Bi Hidaya akaja. Kwa kuwa sauti haikuwapo tena, walisemezana kwa kupepesa mwanga.

"Chiku kapita kwangu," alisema mkunga. "Nilitaka kumshika, lakini mwendo ulikuwa mkali."

"Alikuwa anasema?"

"Alikuwa anasema. Sikusikia kitu."

Mwanamize akapunguza mwanga wake, mtoto asiuone. "Makame ananiuliza habari zake. Nimemwambia yuko ng'ambo ya barafu, kalala. Huyu ndiye niliyebaki naye, Bi Hidaya, na hana siku nyingi. Asijue kwamba Chiku kapotea."

Na tangu siku hiyo ziko sayari kubwa zilizojibana kwenye majua yao, zinaungua na kukonda, na ziko nyingine zinazotangatanga gizani, hazina jua, hazina asubuhi, na hakuna anayezisikia. Nyota nazo hupepesa usiku kucha. Wanaozijua husema ni Makame anayeuliza alipo Chiku, na ni mkunga anayemjibu mama yake juu ya kichwa cha mtoto, jibu lilelile: "Nimekuahidi, mwanangu. Sitamwambia yeye, wala mwingine."