Mtoto wa Hidaya Aitwe Nani?

Sogeeni niwatege, na atakayejifanya hakimu nitamtaka ushahidi.

Palikuwa na mafundi watatu katika hospitali moja, wote wanawake. Siwema alijua kuunda kiini cha Linux, ule moyo wa kompyuta. Zaituni alitunza ufunguo wa siri wa kusaini viini hivyo, maana kompyuta za pale zilikataa kuwaka na kiini kisicho na sahihi. Mwanakombo yeye hakuunda wala hakutunza. Kipaji chake kilikuwa kulisoma kosa mpaka likajieleza.

Basi asubuhi moja kompyuta ya mtambo wa oksijeni ikagoma, kiini chake kimeharibika. Hidaya alikaa karibu na bintiye, mtoto njiti, akiutazama mshale wa mtungi wa akiba ukishuka.

Siwema akaunda kiini kipya mbio mbio. Bila hicho, mtambo ungebaki chuma tu.

Zaituni akaleta ufunguo, wakasaini. Kioo kikaandika: Ruhusa imekataliwa. Wakarudia, yale yale.

"Nani kakataa?" Hidaya aliuliza. "Nionyesheni nikampigie magoti."

"Ni mashine, dada yangu," Siwema alimjibu, kisha akageuka. "Zaituni, zima huo ulinzi wa sahihi. Mtoto anatutoka."

"Nikizima, wale wezi wa mtandaoni waliobisha hodi juzi wataingia. Humu mna watoto wengine. Sizimi."

Tusifichane, Hidaya alimchukia Zaituni wakati ule.

Mwanakombo akaisoma amri yao polepole, mpaka Siwema akasonya. "Kusaini mmetumia mamlaka ya mkuu wa mfumo, ile akaunti yenye ruhusa zote," akasema. "Lakini kuandika kwenye folda ya kuwashia bado anaandika Siwema, na kule Siwema haruhusiwi. Siwema, saini kwenye folda yako mwenyewe, halafu akaunti ya mkuu ikihamishe kiini kule."

Wakafanya hivyo. Mtambo ukanguruma, na mshale ulikuwa umeshalala kwenye sufuri. Mtoto alikuwa bado anapumua; Hidaya alilia kwa sauti.

Sasa, kwao Hidaya mtoto aliyenusurika huitwa jina la aliyemwokoa, na huyo huwa somo yake maisha. Somo ni mmoja, hagawanyiki, na akika, karamu ya kumpa mtoto jina, ni kesho.

"Mngesaini nini bila mimi?" Siwema alisema.

"Na mngesaini kwa kitu gani bila ufunguo wangu?" Zaituni akajibu.

Mwanakombo alikuwa anamfunika mtoto miguu.

Hidaya alifungua mdomo amwite mwanawe, jina likamkwama. Haya, mama yake ungekuwa wewe, ungemwitaje?