Mwisho wa Malkia Orena

Nina fundo hapa. Vidole vyangu vimeshindwa, ndiyo maana nimewaletea nyinyi mlifungue.

Palikuwa na marafiki watatu Tukuyu. Lugano alikuwa msomaji. Akishika kitabu, chakula kinapoa. Gwakisa alikuwa na ulimi. Ndiye aliyetafsiri filamu za kigeni kwenye banda la video, na watu waliapa kwamba anasema vizuri kuliko waigizaji wenyewe. Ambokile hakuwa na hiki wala kile, ila akikaa mlangoni hapiti mtu.

Rafiki yao Subilaga alilazwa hospitalini kwa maradhi ya figo, na kisukari kilikuwa kimeshachukua macho yake. Chini ya mto alitunza kitabu cha kwanza cha hadithi ya Malkia Orena, kimejaa mwandiko wake wa enzi alipoona. Filamu ya kwanza iliishia Malkia akiingia Nchi ya Ukungu. Ya pili ilikuwa njiani, na Subilaga alikataa katakata kuambiwa mwisho mapema. Mama yake peke yake ndiye aliyeambiwa sababu.

"Orena akifa, nitajua na zamu yangu imefika, tutaagana. Akirudi, tusiagane kwanza. Na atakayenipa mwisho wake, mpe kitabu changu."

Filamu ikafika bandani Jumamosi, na Orena akafa. Katika kitabu cha pili alirudi, hawa wa filamu walimuua. Banda lilichafuka. Vijana walipiga mabati mateke, fundi cherehani mmoja mtu mzima alilia mbele ya wajukuu wake, na kufikia Jumapili mji mzima ulikuwa ukimlaani aliyetengeneza filamu ile, wauguzi wakiwemo. Wale watatu wakaogopa kwamba habari hiyo itammaliza mgonjwa.

Ambokile aliacha kibarua chake akakaa mlangoni mwa wodi siku mbili. Kila mgeni na kila muuguzi alinong'onezwa afunge mdomo, na wageni wenye maneno mengi waliishia hapo mlangoni. Hata mama, aliyeshinda na kulala kando ya kitanda, hakusikia lolote. Bila Ambokile, habari ingemtangulia Gwakisa.

Lugano alikuwa amesoma kitabu cha pili. Akaandika kwenye daftari, kwa Kiswahili, jinsi Orena anavyotoka kwenye ukungu akiwa hai. Bila yeye, pasingekuwa na mwisho mwingine wa kusema.

Gwakisa akaja na filamu kwenye simu, akaketi kitandani, akatafsiri. Malkia alipoanguka, alilisoma daftari la Lugano kwa sauti ileile, huku kwenye kioo mwili unafukiwa. Bila yeye, daftari lingebaki daftari.

Subilaga alicheka. "Karudi, mama. Leo nenda ukalale nyumbani, kesho uniletee uji wa ulezi."

Asubuhi mama alifika na chupa ya uji, akakuta kitanda kimeshatandikwa.

Msibani ndipo aliposikia waombolezaji wakisimuliana kifo cha Orena. Matanga yalipoisha aliwaita wale watatu, akaweka kitabu mezani, akasema ni cha aliyempa mwanawe mwisho wa Malkia. Kila mmoja alikitaka. Kila mmoja alieleza lake, na yote yalikuwa kweli, hata wakaanza kutazamana vibaya. Mama akawaacha wamalize, kisha akawasimulia lile la kuagana.

"Kicheko chake mlinipa, asanteni wanangu," akasema. "Kwaheri yake sikuipata. Sasa niambieni, nani alimpa mwisho?"

Mikono iliyokuwa mezani ikarudi mapajani. Lugano akasema aliandika tu. Gwakisa akasema alisoma tu kilichoandikwa. Ambokile akasema yeye hakutamka neno.

Mpaka leo kitabu kiko pale pale, na mama hukifuta vumbi. Nami nimekwama hapo, wenzangu, maana atakayekichukua atabeba na kwaheri aliyoikosa yule mama. Wewe ungemkabidhi nani?